Kitanzi Shingoni mwa Shujaa

Sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Watchmen, iliyorushwa na HBO nchini Marekani Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2019, inafunguka ndani ya jumba la sinema. Mtoto wa kiume, mweusi, amekaa peke yake akitazama filamu isiyo na sauti. Kwenye pazia, mpanda farasi aliyejifunika uso anamfukuza sherifu, anamnasa kwa kamba, kisha anaonyesha sura yake: ni Bass Reeves, askari mweusi wa Oklahoma, na mwizi ni huyo huyo sherifu. Pembeni mama wa mtoto anapiga piano huku machozi yanamtoka. Nje king'ora kinalia. Baba anaingia mbiombio, amevaa sare ya jeshi, na familia inatokea barabarani, ambako wazungu wenye bunduki wanamfyatulia risasi kila mweusi, maduka yanawaka moto, na ndege zinapita chini chini zikidondosha vitu vinavyolipuka. Maandishi yanatokea: Tulsa, 1921.

Watazamaji wengi wa Marekani walidhani wanatazama jambo la kubuni. Kosa lao lina sababu. Watchmen ni hadithi ya mashujaa wa vinyago, na katika ulimwengu wake Vietnam ni jimbo la 51 la Marekani, mwigizaji Robert Redford ni rais, na mara kwa mara mvua ya ngisi wadogo hunyesha kutoka mawinguni. Mtu akishakubali ngisi wa mawinguni, ndege za kuchoma mtaa wa raia hazimshtui. Anazipokea kama chumvi ya mtunzi. Usiku huo na siku zilizofuata, watu waliokwenda kutafuta habari za Tulsa waligundua kwamba ngisi ndio waliobuniwa, ndege hazikubuniwa. Mshangao ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliosoma shule za Marekani kuanzia chekechea hadi chuo kikuu bila kulisikia jambo hilo hata mara moja.

Mtaa wa Greenwood, mjini Tulsa, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya watu weusi iliyostawi zaidi Marekani. Wafanyabiashara kama O. W. Gurley na J. B. Stradford walijenga huko nyumba za kupangisha na hoteli, na mtaa ukapewa sifa ya kuitwa Wall Street ya weusi. Hata jumba la sinema la kwenye tamthilia, Dreamland, lilikuwepo kweli, likimilikiwa na Loula na John Williams. Mwishoni mwa Mei 1921, Dick Rowland, kijana mpiga kiwi viatu, alituhumiwa kumshambulia msichana wa kizungu ndani ya lifti. Gazeti la mji likachochea, umati ukakusanyika mahakamani aliposhikiliwa, na wanaume weusi wenye silaha, baadhi yao askari waliorudi vitani, wakaenda kumlinda asinyongwe. Risasi ikalia. Kutoka usiku wa 31 Mei hadi mchana wa 1 Juni, mtaa wenye ukubwa wa vitalu 35 ulichomwa, nyumba zaidi ya 1,200 zikateketea, na maelfu ya wakazi wakafungiwa kambini chini ya ulinzi. Takwimu rasmi za wakati huo zilirekodi vifo 36; wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa huenda walifika 300. Mashtaka dhidi ya Rowland yalifutwa baadaye. Kuhusu ndege, wakili B. C. Franklin, aliyekuwepo, aliandika mwaka 1931 jinsi alivyoziona zikizunguka angani huku mapaa ya majengo yakishika moto kutoka juu.

Yote hayo yalinyamaziwa kwa miongo mingi. Jimbo la Oklahoma liliunda tume ya uchunguzi mwaka 1997 tu, na ripoti yake ilitoka 2001. Damon Lindelof, mtunzi wa tamthilia hii na mmoja wa watunzi wa Lost, amesimulia kwamba yeye mwenyewe hakujua habari za Tulsa hadi aliposoma makala ya Ta-Nehisi Coates kuhusu fidia kwa weusi, iliyochapishwa 2014. Kwa hiyo mshangao wa watazamaji ulikuwa umepita kwake kwanza. Sehemu ile ya kwanza imejengwa na mtu anayekumbuka jinsi kutojua kunavyoonekana siku kunapokatika.

Kundi jingine la watazamaji lilikuja na ujuzi wa aina tofauti, na nalo lilipigwa chenga. Hawa ni wasomaji wa Watchmen ya asili, kitabu cha katuni cha Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons kilichotoka kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987. Kitabu hicho kiliuliza swali ambalo katuni nyingi zilikuwa zikilikwepa: mtu anayejifunika uso usiku na kwenda kupiga wahalifu kwa mikono yake, yaani sungusungu asiye na kijiji kinachomsimamia, ni mtu wa namna gani hasa? Mmoja wa wahusika wake, Rorschach, mwenye kinyago cheupe chenye madoa meusi yanayobadilika, alipendwa mno na wasomaji, jambo ambalo Moore amelisikitikia hadharani, maana alimtunga kama mfano mbaya. Katika tamthilia, kinyago hicho kinavaliwa na genge la wabaguzi wa rangi. Baadhi ya mashabiki walikasirika na kudai kwamba siasa zimeingizwa kwa nguvu ndani ya hadithi yao. Lakini katika kitabu, Rorschach ni msomaji mwaminifu wa gazeti la mrengo mkali wa kulia, na shajara yake inaishia mikononi mwa gazeti hilo. Lindelof aliuliza tu nani wangeisoma. Moore mwenyewe alijitenga na kazi hiyo, na jina lake halionekani kwenye orodha ya watunzi.

Mshtuko wa tatu wa sehemu ya kwanza uko mwishoni mwake. Mkuu wa polisi wa Tulsa, Judd Crawford, anaigizwa na Don Johnson, nyota wa Miami Vice. Ni mcheshi, jasiri, anawapenda askari wake, anaimba mezani. Aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua sheria: steringi hafi. Kabla sehemu hiyo haijaisha, Crawford amekutwa akining'inia mtini, na chini ya mti ameketi mzee mweusi wa miaka zaidi ya 100 kwenye kiti cha magurudumu, ambaye baadaye atadai kwamba ndiye aliyemnyonga. Waliokuwa makini walijilaumu. Ndani ya sehemu hiyo Crawford anakwenda kutazama mchezo wa muziki wa Oklahoma!, na katika mchezo huo mhusika aitwaye Jud hufa. Dalili iliwekwa mezani mapema, hakuna aliyeiokota.

Namna tamthilia ilivyotolewa ilisaidia. HBO haikumwaga sehemu zote tisa kwa siku moja. Ilirusha moja kila Jumapili hadi 15 Desemba. Kwa wiki nzima watu walibishana, walirudia kutazama, walikamiana wasimwagiane siri na kuharibiana uhondo. Utamu wa mabishano ya aina hii umepungua sana tangu mitandao ya filamu izoeze watu kumaliza msimu mzima kwa mkesha mmoja.

Sehemu ya sita, ya tarehe 24 Novemba, ndiyo iliyofanya mabishano ya wiki tano yaonekane madogo. Iliandikwa na Lindelof pamoja na Cord Jefferson na kuongozwa na Stephen Williams. Ili kuielewa, kwanza ijulikane kwamba ndani ya tamthilia watu nao hutazama tamthilia. Inaitwa American Hero Story, na inasimulia maisha ya Hooded Justice, shujaa wa kwanza kabisa wa vinyago katika ulimwengu wa Watchmen, aliyetokea New York mwishoni mwa miaka ya 1930 akiwa amefunika kichwa kwa kitambaa na kuvaa kitanzi cha kamba shingoni. Katika kitabu cha Moore sura yake haikuthibitishwa kamwe. Kuna tetesi tu kwamba alikuwa Mjerumani mbeba vyuma wa sarakasi. American Hero Story inamwonyesha akiwa mzungu mwenye misuli, na sehemu ya sita inaanza na kipande cha kipindi hicho, damu zikiruka kwa madaha. Watazamaji wa kweli walicheka. Walidhani wanachekeshwa na upuuzi wa kipindi cha kubuni.

Kisha askari Angela Abar, anayeigizwa na Regina King, anazidiwa na vidonge alivyomeza, vidonge vilivyohifadhi kumbukumbu za mzee yule wa chini ya mti, Will Reeves, ambaye ni babu yake. Picha inageuka nyeusi na nyeupe, na Angela anaishi maisha ya babu: mwaka 1938, kijana Will, yule mtoto wa kwenye sinema, anahitimu upolisi New York. Afisa wa kizungu anamruka bila kumvika beji, na anayemvika ni Samuel Battle, mtu wa kweli katika historia, mweusi aliyejiunga na polisi wa jiji hilo mwaka 1911. Will anamkamata mzungu aliyechoma duka la Wayahudi. Mtu huyo anaachiwa. Baadaye askari wenzake wanamteka Will, wanamfunika kichwa kwa kitambaa, wanamtundika mtini, na kumshusha kabla hajakata roho, iwe onyo. Anarudi nyumbani kwa miguu, kamba bado iko shingoni. Njiani anasikia watu wakishambuliwa kichochoroni. Anakitoboa kitambaa kile kile, anakivaa, na kuwaokoa.

Hooded Justice ni yeye. Mkewe anampaka rangi nyeupe kuzunguka macho, ili anayechungulia kupitia matundu ya kitambaa aone ngozi ya mzungu.

Hapo ndipo majibu ya watazamaji yalipobadilika tabia. Mashangao mengi ya tamthilia hutokana na habari iliyofichwa, na mtazamaji hawezi kulaumiwa kwa kutojua alichofichwa. Hili halikufichwa. Gibbons alikuwa amemchora Hooded Justice na kitanzi shingoni tangu 1986. Kwa zaidi ya miaka 30 wasomaji walikitazama na kukiona kama pambo la kutisha, wakati katika nchi yenye historia ya kunyonga weusi mitini, kamba na kitambaa cha kufunika kichwa vina maana moja iliyo wazi. Karibu hakuna mstari wa kitabu uliolazimika kufutwa ili jibu la Lindelof na Jefferson likae; hata mzungu wa kubuni wa American Hero Story alikuwa ndiye mtu ambaye wasomaji walimjaza kichwani wenyewe. Wachache walipinga, wakikumbusha kwamba katika kitabu Hooded Justice ananukuliwa akiwasifu Wanazi. Kasoro hiyo ipo, na haizibiki vizuri.

Sehemu hiyo ina dokezo jingine ambalo wapenzi wa katuni hawakulikosa. Muuza magazeti anaizungumzia Action Comics ya 1938, iliyomzindua Superman: mtoto ambaye wazazi wake wanamtuma mbali ulimwengu wao unapoangamia. Will naye aliwekwa kwenye sanduku garini na kupelekwa mbali na Greenwood inayoungua. Tofauti ni kwamba Superman alipokelewa na shamba tulivu la Kansas.

Ukosoaji haukukosekana. Kuna walioona kwamba mateso ya kweli ya watu yalifanywa kipambo cha kunogesha mchezo, na wengine walihoji jinsi Vietnam ilivyobaki mandhari tu ya hadithi ya Wamarekani. Wapo pia waliouliza kwa nini tamthilia inayowashuku polisi imempa askari ushujaa. Swali hilo lilikuwa dogo mwaka 2019. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi, 25 Mei 2020, watu walirudi kuitazama tamthilia kwa macho mengine, na askari wake wanaofunika nyuso wasitambulike wakaonekana kama taarifa ya habari. Mwezi uliofuata HBO ilifungua sehemu zote tisa bure kwa siku tatu za sikukuu ya ukombozi wa watumwa. Septemba mwaka huo tamthilia ilitwaa tuzo 11 za Emmy, nyingi kuliko nyingine yoyote, na ya uandishi ikaenda kwa sehemu ya sita.

Itakuwa kuzidisha chumvi kusema kwamba tamthilia ndiyo iliyofukua Tulsa. Meya wa mji alikuwa ametangaza msako wa makaburi ya halaiki tangu 2018, na wazao wa Greenwood walikuwa wakilisimulia jambo hilo kwa miaka yote, wakisikilizwa au wasisikilizwe. Ilichofanya tamthilia ni kuongeza idadi ya watu waliojua kinachofukuliwa. Uchimbaji katika makaburi ya Oaklawn ulianza 2020. Julai 2024 mji ulitangaza jina la kwanza lililopatikana kwa vipimo vya vinasaba: C. L. Daniel, aliyekuwa askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baba wa Will kwenye tamthilia naye alipigana vita hivyo, na karatasi aliyoitia mfukoni mwa mwanawe, ikimwomba atakayeipata amtunze mtoto, imeandikwa nyuma ya kipeperushi cha Wajerumani kilichowauliza askari weusi wa Marekani wanapigania nini. Vipeperushi vya namna hiyo navyo vilikuwepo kweli.