Ukakasi wa kaliandra tumboni mwa ng'ombe

Mfugaji wa Tongaren akitafuna jani la kaliandra, ulimi humkauka kama aliyeuma ndizi mbichi. Huo ni ukakasi. Neno 'tanini' tumelikopa, ukakasi tulikuwa nao tangu jadi. Tanini ni kemikali ya mmea inayoshikamana na protini za mate.

Tumboni mwa ng'ombe mambo ni yayo hayo. Tanini hufunga protini ya lishe, bakteria wanaovunja chakula wakaikosa. Baadhi yao hudhoofika. Ndiyo maana kupima protini ya jani peke yake hakutoshi. Mtaalamu huchota majimaji ya tumbo la kwanza, hutoa DNA ya bakteria, kisha kwa mbinu ya PCR hunakili jeni iitwayo 16S, ambayo hutofautiana baina ya aina moja na nyingine. Hapo hujua ni wepi waliopungua.

Majaribio ya Embu yalionyesha kwamba kilo 3 za kaliandra mbichi zaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Lakini ngoja kwanza, usikimbilie panga! Ukimmwagia gunia zima, tanini nayo itazidi, na protini uliyoitarajia kwenye maziwa utaizoa na samadi.