Pamba yetu, uzi wetu: namna tulijifunza kusokota kwa mkono

Wengi wenu mumetuuliza sababu gani akina mama wa koperative yetu, hapa kwenye tambarare ya Ruzizi, wanaonekana kila jioni na kijiti kinachozunguka ndani ya bakuli. Tunawaelezea, pamoja na makosa yetu.

Tulianza juu ya bei. Uzi wa dukani ulikuwa unamaliza faida yote ya kofia za watoto tunazofuma, na pamba tuko nayo, mistari michache pembeni ya mihogo. Wakati wa Wabelgiji, wazee walilazimishwa kuilima, lakini mavuno yalienda kwa makampuni. Kijijini kwetu hakuna aliyejua kuisokota.

Kwanza unatoa mbegu. Kilo 3 za pamba yenye mbegu zinabakiza karibu kilo 1 tu ya pamba safi. Unaichana na burosi mbili za waya, unaikunja kama sigara nene, ndipo unashika kijiti. Kijiti kiwe chepesi, na kigurudumu kidogo cha kibuyu chini. Nyuzi za pamba ni fupi, sentimeta 2 au 3, basi kijiti kizito kikining'inia kinazikata mbele hazijashikana. Ndiyo maana ncha yake inakaa ndani ya bakuli. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta polepole. Wiki ya kwanza ilikuwa kukatika tu, na kucheka.

Kisha tukapata komande: kofia 9 za watoto wachanga. Tulizifuma na uzi wa kamba moja, vile ulivyotoka kwenye kijiti. Kofia zote zikaegemea upande, kama nyumba iliyopigwa na upepo, na zilipofuliwa zikazidi. Zikarudishwa. Pesa za burosi zilikuwa zimetoka kwenye sanduku la akiba la wote, na mama mmoja akasema wazi kwamba afadhali turudi kwa mihogo. Hatukuwa na jibu.

Jibu lilitoka kwa mzee anayetengeneza kamba za mbuzi. Aliangalia uzi wetu, akauliza: «Kamba munaunganisha mbili. Huu munauachaje peke yake?»

Ilikuwa ni hiyo tu! Ukisokota kuelekea kuume, chukua nyuzi mbili za namna hiyo, uziunganishe kwa kuzungusha kuelekea kushoto. Nguvu ya moja inazuia nguvu ya nyingine. Kwa kupima, acha kipande kining'inie kama kitanzi: kama hakijiviringi, uzi umetulia. Halafu uchemshe saa moja na sabuni kidogo. Musiogope maji yakigeuka rangi ya chai, ni uchafu na mafuta ya pamba yenyewe. Uanike na jiwe dogo chini. Na mbele ya kufuma komande yoyote, fuma kipande kidogo, ukifue, ukipime tena.

Tuseme ukweli: kazi hii ni ya polepole. Uzi wa kofia moja unachukua jioni kadhaa, hata kwa mkono uliozoea. Asiye na pamba shambani, hatumshauri ainunue juu ya kusokota. Kwetu jioni ziko, na pamba iko.

Kofia 6 zimeshapokelewa na kulipwa. Kwa zile 3 zilizobaki, uzi unakauka nyuma ya depo.