Kaa Mtoto Chini ya Tumbo la Jongoo

Sisi tuliokulia pembeni ya Ziwa Tanganyika kaa tunamjua vizuri. Mwezi huu tunawaletea kaa mwingine kabisa, anayeishi baharini mahali ambapo jua halifiki.

Jina lake la kisayansi ni Neolithodes diomedeae, wa jamii ya kaa wafalme. Ni mwekundu, mwili wote miiba. Kaa wa kawaida ana miguu kumi ukihesabu na magando. Huyu utamwona na minane tu, maana jozi ya mwisho ni midogo na imefichwa chini ya gamba.

Anaishi Bahari ya Pasifiki. Huko Monterey, pwani ya California, Marekani, anapatikana kwenye kina cha mita 1,200 hivi. Pima mwenyewe: Ziwa Tanganyika, pale penye kina kirefu kabisa, ni mita 1,470. Huko chini ni giza na baridi, na maji yanagandamiza mara 120 kuliko hewa ya huku juu. Sehemu kubwa ni matope matupu, jiwe hakuna, jani hakuna. Sasa kaa mtoto atajificha wapi samaki wakimtafuta?

Jibu lilitolewa mwaka 2016 na mtaalamu James Barry na wenzake wa huko Monterey. Waliangalia video zilizopigwa na mitambo ya chini ya maji, wakahesabu majongoo bahari karibu 2,600. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na kaa mtoto. Na katika kila kaa watoto 100 walioonekana, 96 walikuwa wameng'ang'ania jongoo!

Jongoo mwenyewe ni mnyama laini, mnene, mrefu kama kiganja hivi. Hana meno makali wala miiba. Anatembea taratibu akila matope, na mgeni wake yuko chini ya tumbo. Kaa akishakua, gamba likawa gumu na miiba ikarefuka, anajitegemea.

Kwa hiyo wavuvi wakikokota nyavu zao kwenye sakafu ya bahari kama hiyo, wakiwazoa majongoo wamebomoa na nyumba ya kaa.

Jamani, hapa kambini nani asiyejua maana ya kufika mahali pasipo na pa kujisitiri? Wazazi, wasimulieni watoto jioni hii, kisha waulizeni: kati ya wawili hawa, mwenye nguvu ni nani?