Je, Wajua? Paka shume hashikwi ukosi

Yule paka anayewinda panya kwenye maghala ya kahawa na maharage huko Rubwera, wilayani Kyerwa, lakini hakubali kuguswa, akiumia hukamatwa kwa akili, si kwa nguvu.

Kumbeba kwa ngozi ya shingo ni mazoea ya zamani. Madaktari wengi wa mifugo sasa hawayapendi, kwani humzidishia hofu. Afadhali alishwe siku kadhaa ndani ya tenga imara lililoachwa wazi. Akishazoea, lifungwe akiwa anakula, kisha lifunikwe kitenge. Gizani paka hutulia.

Cha kuogopa zaidi ni meno, si kucha. Ni membamba kama sindano: huingiza bakteria ndani kabisa, kisha tundu hujifunga juu. Mkono unaweza kuvimba kabla ya saa 24 kupita. Na kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, paka naye huambukiza. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na Panadol ya kumtuliza paka maumivu je? Asipewe kamwe: kidonge kimoja tu chaweza kumuua paka.