Jani la Mpera: Yaliyomo Ndani Yake na Mpaka wa Tiba Yake

Mpera, Psidium guajava kwa jina la kitaalamu, ni kichaka au mti mdogo wenye asili ya nchi za joto za Amerika. Katika kaya nyingi za Kagera, zikiwemo za Ngara na Biharamulo, majani yake huchemshwa na kunywewa ili kutuliza tumbo la kuhara.

Jani likikatwa kwa wembe na kutazamwa kwa hadubini, juu huonekana utando wa nta uzuiao maji yasipotee. Chini yake zimo seli zisizo na rangi ya kijani, kisha seli ndefu zilizosimama wima, ambamo chakula cha mmea hutengenezwa. Vitundu vya hewa viitwavyo stomata viko upande wa chini tu. Baina ya seli mna vifuko vya mafuta. Jani likiinuliwa kwenye mwanga huonekana kama nukta angavu, na likifikichwa hutoa harufu.

Mafuta hayo yana kariofilini na sineoli. Jani lina pia tanini, ambazo hukaza utando wa utumbo, na flavonoidi za jamii ya kwesetini, ambazo katika maabara zimepunguza mikazo ya utumbo. Jaribio lililofanyika Mexico na kuchapishwa mwaka 2002 lilionyesha kuwa kwa watu wazima dawa ya majani haya ilifupisha muda wa msokoto wa tumbo.

Hata hivyo, kutuliza msokoto si kurudisha maji. Mtoto aharaye huuawa na upungufu wa maji na chumvi. Apewe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Tanini nazo hushika madini ya chuma. Mjamzito asinywe chai hii pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Kuhara damu, au kuhara pamoja na homa kali, kusitibiwe nyumbani. Kuhara damu kulizikumba kambi za wakimbizi za Ngara mwaka 1994. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, nao huanza kwa homa kisha kuhara. Mhudumu amuulize mgonjwa, pasipo kumkemea, alikunywa nini na tangu lini. Akemewaye huficha, na siku zilizofichwa ndizo zinazohitajika katika kumwokoa.