Kuishi Ugenini: Mwanafunzi Mmoja na Mkewe katika Rungwe ya Miaka ya 1930



Mwaka 1934 kijana wa Kiingereza aitwaye Godfrey Wilson alifika wilayani Rungwe. Alikuwa na miaka 26 hivi, yaani karibu rika letu sisi mafrateri wa falsafa. Alikuwa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski, yule Mpolandi aliyefundisha London kwamba anayetaka kuwaelewa watu sharti akae nao, ajifunze lugha yao na azione siku zao za kawaida, si sikukuu tu. Mwaka 1935 Godfrey alimwoa Monica Hunter, mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, mwaka 1908. Naye akaja Rungwe, na kazi yao kwa Wanyakyusa ikaendelea hadi 1938.

Tumewachagua hawa kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu tofauti za tamaduni mara nyingi huishia mezani na mlangoni. Huyu anashangaa ndizi za kupikwa kuliwa asubuhi, mchana na jioni. Yule hajui kwamba Tukuyu mtu mzima husalimiwa "mugonile", si "ugonile". Mambo hayo yana umuhimu wake, na salamu tusiidharau. Lakini mtu hujifunza salamu kwa wiki moja. Tofauti zenye uzito zimekaa chini zaidi, na anayeishi ugenini huzikanyaga kabla hajaziona.

Walichokikuta akina Wilson kilikuwa hiki: Wanyakyusa hawakuishi kwa ukoo kama makabila mengi, bali kwa rika. Mvulana alipofikia miaka kumi au kumi na moja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala na wenzake katika vibanda walivyojijengea pembeni ya kijiji cha wazazi. Chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kazi ya shamba waliendelea kuifanya kwa baba. Wakikua walioa na kuwaleta wake zao hapohapo, na kibanda cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Kisha, katika sherehe kubwa, kizazi cha baba kilikabidhi uongozi kwa kizazi cha wana. Monica aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company. Wanazuoni waliokuja baadaye wamehoji baadhi ya maelezo yake, lakini hadi leo ni vigumu kuizungumzia Rungwe ya zamani bila kupitia kwake.

Tuliposoma habari hizi tulicheka kidogo. Vijana wanaoondoka nyumbani wakiwa wadogo, wanaolala pamoja kwa rika, wanaolima pamoja na kula pamoja: si ndiyo seminari ndogo hiyo? Tofauti ni kwamba sisi hatukuruhusiwa kuzunguka kwa mama zetu.

Mgeni mwenye haraka angesema: hawa wanawafukuza watoto. Wilson na mkewe waliuliza sababu. Wanyakyusa waliwajibu kwa habari ya staha. Haifai kijana anayekomaa alale karibu na faragha ya wazazi wake. Na haifai kabisa mke wa kijana akutane na baba mkwe. Huyo mkamwana hakupaswa hata kumtazama baba wa mume wake. Alipomwona njiani alikwepa au alijifunika. Kama wana wangejenga katika kijiji cha baba, wanawake wangeishi kwa kujificha mchana kutwa. Kwa hiyo jambo lililoonekana kuwa ukali kwa watoto lilikuwa pia namna ya kulinda heshima ya watu wazima.

Ipo na sababu ya pili, nayo ndiyo iliyotugusa zaidi. Wanyakyusa wana neno "ukwangala". Si rahisi kulipata kwa Kiswahili kwa neno moja: ni kukaa kwa furaha na wenzako, kula na kunywa pamoja, kuzungumza bila kuogopana. Mtu hakui katika utu kwa kukaa na wakubwa peke yao, maana mbele yao husikiliza tu. Hukua kwa kubishana na walio sawa naye. Aristotle ametenga vitabu viwili kati ya kumi vya Maadili yake kwa ajili ya urafiki, na anashikilia kwamba marafiki hawana budi kuishi pamoja. Nadhani mzee wa Rungwe angemwelewa bila mwalimu.

Lakini tusiipambe. Palipo na ukwangala, anayekula peke yake hutiliwa shaka. Akina Wilson waliandika pia kwamba manung'uniko ya majirani juu ya mtu asiyetimiza wajibu wake yaliaminiwa kuwa na nguvu ya kumletea ugonjwa, na kwamba mtu aliyejitenga aliweza kutuhumiwa uchawi. Ujirani uleule uliomlisha mtoto wa mwenzako ndio uliombana aliyefanikiwa peke yake. Anayesifu umoja wa wazee wetu pasipo kutaja hofu hiyo anasimulia nusu.

Haya yote wasingeyajua bila wenyeji. Msaidizi wao, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa, alifanya kazi kubwa ya kuwafafanulia mambo, lakini majalada ya vitabu hayana jina lake. Hilo nalo ni somo kwa sisi tunaotumwa vigangoni na kurudi na ripoti nzuri iliyotoka kinywani mwa katekista.

Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica alirudi Rungwe mwaka 1955. Vijiji vya rika vilikuwa vinafifia: ardhi imepungua, kahawa imeingia, na vijana wengi walikuwa wameonja migodi ya Chunya na ya nchi za kusini. Leo hakuna kijiji cha namna ile. Mtu hujenga pale anapopata kiwanja.

Je, Kanisa lilifanyaje? Wamoravian walitangulia mwaka 1891. Kwa upande wetu Wakatoliki, misheni ya Tukuyu iliundwa mwaka 1932, na kutokana nayo likazaliwa jimbo la Mbeya. Jina Kyala, ambalo katika simulizi za zamani lilihusu shujaa wa pande za Ziwa Nyasa, Wakristo walilichukua likawa jina la Mungu. Hapo utamaduni ulipokelewa. Kwenye ndoa za wake wengi hali ilikuwa ngumu: mume aliyeomba ubatizo alitakiwa kubaki na mke mmoja, na wengine waende wapi? Sheria za Kanisa, kanuni ya 1148, zinamtaka askofu ahakikishe mahitaji ya wanawake wale yanatimizwa kwa haki na upendo. Kanuni hiyo inastahili kusomwa polepole, maana aliyeiona sheria tu bila kuwaona wanawake wale hajaelewa utamaduni wala sheria.

Kuhusu mkwe, suala bado lipo. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana sebuleni, watu ishirini katika chumba kimoja, nasi kwa nia njema tunasema "sote ni ndugu, ketini popote." Mahali ambapo heshima ile bado inashikwa, hata kwa kiasi, mwanamke anayeketi karibu na mlango au anayekosa kuja kabisa anaweza asiwe mlegevu wa imani. Huenda baba mkwe wake ameketi ndani. Kumsogeza mbele kwa nguvu ni kumdhalilisha yeye na mzee pamoja. Wala si lazima mila ibaki ilivyo. Wao wenyewe wataamua kipi kinaachwa na lini. Frateri anayepangiwa kigango cha Rungwe likizo hii anaweza kuanza kwa kumwuliza katekista swali moja kabla ya ibada: hapa, nani hakai na nani?