Mlima Kasigau una mita 26,886? Angalia baiti zako

Hebu fikiria hivi. Umelelewa Rukanga, mlima Kasigau unauona kila ukifungua mlango, na sasa umejifunza Python kidogo. Unaamua kuchora ramani ya mlima wa kwenu, ujue bomba la maji linaweza kuteremka wapi hadi kijijini bila pampu.

Data ni ya bure. Februari 2000, chombo cha NASA, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Faili la kwenu linaitwa S04E038.hgt, karibu megabaiti 26 likifunguliwa. Bando litaumia kidogo.

Unaendesha programu. Kilele, ambacho hutajwa kuwa na mita 1,641, kinakuja na mita 26,886. Yaani Everest mara tatu na chenji juu! Na programu haijalalamika hata kidogo.

Shida iko hapa. Kila kipimo kimehifadhiwa kwa baiti mbili, na baiti moja inabeba namba 0 hadi 255 tu. Kwa hiyo 1,641 ni 256 mara sita, zinabaki 105. Baiti zenyewe ni 6 na 105. Faili linaandika ile nzito kwanza, kama wewe unavyoandika elfu kabla ya mamia. Laptopu yako, iwe ya Intel au AMD, huanza na ile nyepesi. Kwake 105 ndiyo noti na 6 ndiyo sarafu: 105 mara 256, jumlisha 6.

Hakuna mwenye makosa kati yao. Mwaka 1980 Danny Cohen aliwatania mafundi wa pande zote mbili kwa majina ya watu wa hadithi ya Gulliver, waliopigana kuhusu upande gani wa yai upasuliwe. Intaneti ilichagua nzito kwanza, laptopu nyingi zikabaki na nyepesi kwanza.

Kilele angalau kinachekesha. Shuka kwenye miteremko ya chini, uone maajabu. Mita 639 inasomwa 32,514. Piga hatua, panda mita moja tu, ufike 640: sasa uko mita 32,766 chini ya bahari. Bomba gani litapita hapo?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni namba zinazoonekana za kweli. Matoleo ya zamani ya data hii yana mapengo, mahali ambapo rada haikuona, nayo yamewekwa alama ya -32,768. Ukigeuza baiti, alama hiyo inakuwa 128. Ukisema utafuta tu namba za ajabu, 128 itabaki, na utadhani kuna bonde pale.

Dawa ni alama moja. Kwenye NumPy usiandike int16 peke yake, maana hiyo inafuata mashine yako. Andika '>i2'. Ile > inamaanisha nzito kwanza, popote programu itakapoendeshwa, hata ukimtumia rafiki yako wa Voi.

Kisha jaribu na mahali unapojua urefu wake. Ila usichague penye mita 771, 1,028 au 1,285. Hizo ni 3 na 3, 4 na 4, 5 na 5: hata ukizigeuza, jibu ni lilelile.